Aliyechelewa Si Mtoro

Katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi, tofauti iliyopo baina ya askari aliyechelewa kurudi kutoka ruhusa na askari aliyetoroka inajulikana vema. Aliyechelewa hufikishwa mbele ya mkubwa wake, hujieleza, hupokea adhabu yake, na jina lake hubaki katika orodha ya kikosi. Mtoro hufutwa. Tofauti hiyo ndiyo inayolijibu swali linalowasumbua watu wengi waliojiajiri wenyewe: je, mtu aliyechelewa kupeleka hesabu zake za kodi amekwisha poteza haki ya kupata msaada wa serikali?

Swali hilo si la matajiri wenye maghala. Katika mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji huo, wapo akina mama wauzao chai na kahawa, mafundi wa pikipiki, washonaji na wachuuzi wa mkaa. Baadhi yao ni wake wa askari walio katika vituo vya mbali, ambao chungu cha nyumbani hakiwezi kungoja hadi mshahara ufike. Askari mwenyewe naye, siku atakapovua sare, huenda akajikuta miongoni mwa watu hao. Kwa hiyo jambo hili linamhusu leo kwa ajili ya jamaa yake, na kesho kwa ajili yake mwenyewe.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini msaada na kodi hufungamanishwa. Mtu aliyeajiriwa anaye shahidi, naye ni mwajiri wake, mwenye daftari la mishahara. Aliyejiajiri hana shahidi wa namna hiyo. Serikali itakapo kumsaidia wakati wa dhiki haina njia ya kujua alikuwa akipata kiasi gani, wala kama kweli alikuwa na biashara, ila kwa kutazama hesabu alizozipeleka yeye mwenyewe kabla ya dhiki hiyo kuingia. Hesabu za kodi, ambazo wengi huziona kuwa ni mzigo tu, huwa ndizo ushahidi wake.

Mfano ulio wazi ulitokea Uingereza mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga maduka na karakana. Tarehe 26 Machi mwaka huo, serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa kuwasaidia waliojiajiri. Kila aliyestahili aliahidiwa asilimia 80 ya wastani wa faida yake, bila kupita pauni 2,500 kwa mwezi, kwa muda wa miezi mitatu ya mwanzo. Masharti yalikuwa kwamba faida yake isizidi pauni 50,000 kwa mwaka, kwamba angalau nusu ya pato lake litokane na kujiajiri, na kwamba awe amepeleka hesabu za mwaka wa kodi wa 2018 hadi 2019.

Siku ya mwisho ya kupeleka hesabu hizo ilikuwa 31 Januari 2020, nayo ilikuwa imekwisha pita. Lakini waliochelewa hawakufukuzwa mlangoni. Walipewa muda hadi tarehe 23 Aprili kuzipeleka, nao wakaweza kufikiriwa pamoja na wenzao. Faini ya kuchelewa, ambayo wakati huo ilianzia pauni 100, ilikuwa jambo jingine: haikuwa kizuizi cha msaada. Hata hivyo, mlango huo ulikuwa na walinzi. Hesabu zilizokwisha pelekwa kabla ya tangazo, kisha zikabadilishwa baada ya saa 12 jioni ya siku ya tangazo lenyewe, hazikutumiwa na mabadiliko yake katika kukadiria msaada, ili mtu asije akajiongezea faida ya karatasi. Na ambaye hakupeleka chochote hata baada ya tarehe 23 Aprili alikosa.

Kwa awamu za nne na tano, mwaka 2021, hesabu za mwaka uliofuata ndizo zilizotazamwa, na mpaka ukawekwa saa sita ya usiku wa tarehe 2 Machi. Hapo waliokuwa wamenyimwa mwanzoni kwa kuwa biashara zao zilikuwa changa mno walipata nafasi yao. Mpango ulipokwisha, watu wapatao milioni 2.9 walikuwa wamesaidiwa kwa takriban pauni bilioni 28.

Majirani wa Afrika Mashariki nao wamepita katika njia zinazofanana na hiyo. Kenya, kwa sheria ya fedha ya mwaka 2023, iliwasamehe riba na adhabu wenye madeni ya kodi ya hadi mwisho wa mwaka 2022, mradi walipe kodi yenyewe ifikapo 30 Juni 2024. Baadaye muda uliongezwa. Msamaha huo haukuwa jambo dogo. Nchini humo asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mwombaji hutakiwa kuonyesha cheti cha kwamba mambo yake ya kodi yamenyooka. Tanzania nayo, mwezi Desemba 2018, ilianza kutoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayakufika shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa malipo ya shilingi 20,000. Hivyo hata mchuuzi asiye na hesabu kubwa alipata mahali pa kuandikwa jina lake.

Katika Sudan Kusini, mapatano ya amani yaliyotiwa saini Addis Ababa mwezi Septemba 2018 yalitaja kuanzishwa kwa mifuko ya kuendeleza shughuli za kiuchumi za wanawake na za vijana. Popote mfuko wa namna hiyo unapofunguliwa, mwombaji huulizwa kwanza: biashara yako inajulikana wapi? Mama wa Hai Malakal anayeweza kutoa daftari lake, namba yake ya kodi na stakabadhi zake, hata kama baadhi zina tarehe za kuchelewa, ana la kujibu. Asiye na karatasi hata moja, ingawa ametoa fedha mara kumi, huhesabiwa kuwa hakulipa kamwe.

Hapa ndipo askari anapoingia si kama jamaa tu, bali kama mlinzi wa sheria. Mtu yeyote mwenye sare, au asiye na sare, anayepokea fedha ya mchuuzi njiani bila kumpa stakabadhi, anamnyang'anya mambo mawili: fedha yake ya leo na ushahidi wake wa kesho. Askari anayemzuia mtu huyo anailinda hazina ya taifa, na pengine chungu cha nyumba ya askari mwenzake.

Aliyechelewa basi asijifiche. Na aende ofisi ya mapato akiwa na hesabu za kweli, akubali adhabu iliyo halali, adai stakabadhi, aihifadhi. Nayo serikali yoyote inayoandaa msaada haina budi kutangaza mapema siku ya mwisho, na kuwapa waliochelewa muda mfupi ulio wazi wa kujirekebisha, kisha kusimama imara katika siku hiyo. Kawia ufike, walisema wazee. Lakini hawakusema kwamba lango litakaa wazi usiku kucha.