Kufungua paipu za oili ya gia boksi

Msikilizaji wetu wa Nyegina, Noah ya otomatiki inayojaza abiria na magunia huchemsha oili ya gia boksi. Oili ikiungua, gia zinakufa na riziki inasimama. Ndiyo maana mafundi huongeza kipoza oili cha pili mbele ya rejeta.

Kabla ya kufungua paipu, zima injini, iache ipoe, weka beseni chini. Kwenye paipu ya nati tumia spana mbili: moja ishike kiungio cha rejeta, nyingine ifungue nati, la sivyo paipu hujipinda. Ziba ncha, vumbi lisiingie. Kipoza kipya kiungwe kwenye paipu inayorudisha oili, kwa mpira wa oili, si wa maji. Kisha washa, kagua kama inavuja, jazia oili iliyomwagika.