MGENI WA KUNUNUA ANAPOKUJA
Jinsi ya kutayarisha nyumba na boma kabla ya kuonyesha

Kuuza boma si kama kuuza debe la mahindi. Mahindi yakienda, mengine yatakuja msimu ujao. Boma likienda, limekwenda. Wengi huuza kwa sababu ya karo, deni la hospitali, ama kuhamia mahali penye kazi, na hizo pesa ni lazima ziwafikishe mbali. Lakini mnunuzi huja, akazunguka nusu saa, na bei ameshaikata kichwani kabla ya kurudi barabarani.

Akiona choo kinanuka ama dari lina doa la maji, hawazii choo na dari peke yake. Anajiuliza: "Kama ninachokiona kimeachwa hivi, nisichokiona je?" Hapo anapunguza bei kwa hofu, si kwa hesabu. Hofu hiyo yaweza kuondolewa bila pesa nyingi na bila kumdanganya mtu. Fuateni hatua hizi.

1. ANZENI NA WATU WA NYUMBANI

Usimwite mnunuzi kabla jamaa hawajakubaliana. Mgeni akifika, mzee anasema boma linauzwa, mama ananyamaza jikoni, na kijana amesimama mlangoni akisema haliuzwi. Mnunuzi mwema ataondoka. Atakayebaki ni yule anayetafuta bei ya kutupa.

Sheria nayo yataka mapatano. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inasema kwamba mali ya mume na mke haiuzwi bila wote wawili kukubali. Na kama hati ingali katika jina la mzazi aliyefariki, hakuna mtoto awezaye kuuza kabla mahakama haijathibitisha mambo ya urithi. Malizeni hayo kwanza. Rangi ya ukuta itangoja.

2. TENGENEZA KARATASI

Weka pamoja nakala ya hati, ramani ya ploti, na risiti za maji, stima na kodi ya ardhi kama mnalipa. Kisha fanya sachi katika ofisi ya ardhi. Sachi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo ama kizuizi juu yake. Mnunuzi atafanya yake, lakini afadhali wewe ujue mapema.

Fyeka mpakani hadi mawe ya mpaka yaonekane. Kama jiwe limepotea, usisimamishe lingine wewe mwenyewe. Zungumza na jirani, kisha mwende kwa msajili wa ardhi. Kumbuka pia kwamba shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano kuandikwa. Bila kibali, mapatano hayana nguvu.

3. NYUMBA YENYEWE

Anza na paa. Ngoja mvua, ama panda mchana mtu mwingine akiwa ndani amefunga madirisha: mwanga utamwonyesha kila tundu. Badilisha misumari iliyolegea, uweke yenye kofia na raba, na uzibe matundu madogo kwa lami. Paa likishapona ndipo upake dari, la sivyo doa litarudi.

Jikoni, osha masizi kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kupaka chochote. Ukipaka chokaa juu ya masizi, weusi utatokea tena. Chokaa iloweke usiku kucha, utie chumvi kidogo ili ishike ukutani. Nyumba ya udongo ikandikwe upya na iachwe ikauke vizuri. Ukuta mbichi humfanya mgeni aulize unaficha nini.

Milango ifunguke bila kusukumwa na bega. Kioo kilichovunjika kiwekwe kingine. Halafu punguza vitu. Chumba chenye magunia, baiskeli mbovu na viti vitatu vya miguu miwili huonekana kidogo kuliko kilivyo. Peleka magunia ghalani, na vyombo vibovu viuzwe ama vitupwe.

4. NJE NA MAJI

Fagia, kata ua, ziba mashimo ya njia, na mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na magurudumu, maana hayo huzaa mbu. Osha choo, mwaga jivu shimoni, weka kifuniko na ndoo ya maji ya kunawa mikono. Mnunuzi akiuliza choo kiko umbali gani kutoka kisimani, uwe umepima. Kinachoshauriwa ni mita 30 au zaidi.

Gata na tangi ni mali, kwa hivyo zionyeshe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa lita 1,000. Hata ukitoa sehemu moja kwa tano kwa yale yanayopotea, zinabaki lita 800. Mwambie mnunuzi hesabu hiyo akiwa amesimama kando ya tangi. Mtu aliyezoea kununua maji kwa mtungi ataelewa mara moja.

5. TENGENEZA, USIFICHE

Kusafisha si kuficha. Ufa wa ukuta uliosababishwa na udongo mweusi ukipakwa rangi leo, utafunguka wakati wa kiangazi. Nguzo iliyoliwa na mchwa ikifunikwa na kalenda, kalenda itaanguka siku moja. Mambo haya yasemwe mapema: mchwa, mafuriko, kisima kinachokauka, njia ya majirani inayopita shambani, na makaburi. Kuhusu makaburi, jamaa wakubaliane kabla: je, yatabaki? Watu watayazuru vipi? Hayo yaandikwe katika mapatano. Neno hili likiachwa, ndilo huleta vita baadaye, watu wakiwa tayari wamekula pesa.

6. SIKU YA KUONYESHA

- Mgeni aje mchana, kwa miadi. Wawe watu wa nyumbani wawili au zaidi.
- Pesa, simu, vitambulisho na hati halisi ziwekwe mbali. Mgeni aonyeshwe nakala tu. Usimpe dalali hati halisi hata kama ni mtu wa kwenu.
- Ng'ombe na mbwa wafungwe. Fungua madirisha mapema, na moto wa kuni usiwe umewashwa.
- Mtu mmoja aongoze na kujibu. Watu watatu wakitaja bei tatu, mnunuzi atachukua ya chini.
- Usiseme shida yako. Ukisema mtoto amefukuzwa shule, bei imeshuka hapo hapo.
- Usipokee pesa siku hiyo. Sheria yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, mbele ya mashahidi. Hapo ndipo malipo ya kwanza hutolewa, na wakili awepo.

7. KIKUNDI KINAWEZA KUSAIDIA

Mjane ama mzee anayeuza peke yake hudanganywa upesi. Kikundi kinaweza kutoa siku moja ya kazi: wengine juu ya paa, wengine kwa chokaa, wengine kufyeka. Wanachama wawili wakae naye wakati mgeni anapokuja. Na kama mali ni ya kikundi, uamuzi wa kuuza upitishwe katika mkutano, uandikwe katika kumbukumbu, na kila mwanachama ajue bei.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nani huamua boma liuzwe? Nani haulizwi?
2. Kama mnunuzi angekuja kesho, ni kasoro zipi tatu angeziona kwanza kwako?
3. Je, kuna wenzetu ambao hati zao zingali katika majina ya waliofariki? Tutawasaidiaje kuanza?

Na hata ukiamua mwishowe kutouza, hutakuwa umepoteza kitu. Paa halitavuja, karatasi ziko sawa, na wewe mwenyewe ndiwe utalala katika nyumba hiyo nzuri.