Urafiki wa chuoni usiishie siku ya mahafali

Katika familia nyingi za Sumbawanga, Laela, Namanyere na Matai, ada ya chuo hutoka shambani. Magunia ya mahindi, maharage au alizeti huuzwa ili mtoto akasome uhasibu, ugavi au masoko Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam. Siku ya mahafali ndugu hupiga picha, joho hurudishwa, kijana hurudi nyumbani na cheti.

Miezi michache baadaye, baadhi yao hujitoa kimyakimya kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao. Wengine huona aibu kwa kuwa hawajapata kazi. Wengine hawana hela ya bando wala ya michango. Mzazi naye huona ni afadhali, akidhani ni porojo tu. Kumbe sehemu ya kile alichokilipia ndiyo inapotea.

Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963. Wahitimu wa vyuo kama hivi wako benki, halmashauri, vyama vya ushirika na madukani nchi nzima.

Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Zaidi ya 8 kati ya 10 walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu ni rahisi: ndugu na jirani wanajua yaleyale unayoyajua. Aliye mbali ana habari nyingine.

Ufipa hilo linaeleweka vizuri. Bei ya mahindi sokoni Sumbawanga kila mtu nyumbani anaijua. Bei ya Tunduma siku hiyohiyo, au mnunuzi anayetafuta maharage Dar es Salaam, anaijua mwenzake wa darasani aliyeko huko. Simu moja inaweza kuzuia familia isiuze kwa hasara.

Faida nyingine ni ya afya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliounganisha tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000, ulionyesha kuwa watu wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 50, wa kuendelea kuwa hai katika kipindi cha utafiti. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume ya kushughulikia upweke. Mhitimu anayejifungia chumbani kwa kukosa kazi anahitaji watu wanaoielewa hali yake, na wenzake wa darasani ni miongoni mwao.

Hata hivyo, mtandao wa wahitimu hauuzi kazi. Ajira nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na usaili ni lazima. Mwenzako anaweza kukuambia tangazo limetoka kabla muda haujaisha, au akakueleza namna ya kujiandaa. Anayedai hela ili akupatie nafasi ni tapeli, hata kama mlikaa dawati moja.

Tahadhari hiyo ni ya akiba pia. Wahitimu wakianza kuweka na kukopeshana, wawe na katiba na akaunti ya kikundi, na wajisajili kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Kushiriki si lazima kuwe kwa hela. Kutuma bei za mazao, kutoa pole kwa aliyefiwa, kumjibu anayeuliza kuhusu leseni au mizani, vyote ni mchango. Anayejitokeza siku ya shida yake tu husahaulika haraka.

Mzazi ana nafasi yake. Anaweza kuacha kumuuliza kijana mbele ya wageni kama amepata kazi, akamsaidia bando, akamwachia nauli siku wenzake wanapokutana Mbeya. Na kama yeye mwenyewe alisoma biashara zamani, namba za wenzake bado zinafaa kutafutwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.