Frigo ya karavani haipozi: ngoja kwanza, weka nyundo chini

Ndugu mfanyakazi, wewe unayelala porini majuma mazima pamoja na timu ya kutoboa udongo, unajua namna mambo haya yanavyoanza. Ni mwezi wa kumi, jua linachoma, mvua bado. Asubuhi mpishi anafungua frigo ya karavani, na pua inapata habari kabla ya macho. Nyama ya juma zima imeoza. Maji ni ya vuguvugu. Mmoja anasema: "Moteri imekufa." Mwingine amekwisha kwenda kutafuta nyundo na bisibisi.

Ngoja kwanza. Frigo hiyo haina moteri. Na nyundo ni chombo cha mwisho kabisa kinachofaa kukaribia mgongo wake.

Frigo unayoijua nyumbani, ile inayonguruma usiku, ina kompresa inayosukuma gazi ya baridi ndani ya mabomba. Frigo ya karavani, ile inayokubali chupa ya gazi na pia umeme, ni ya ukoo mwingine. Hii inapoza kwa moto. Najua watu hucheka wakisikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Nyuma yake kuna mabomba yaliyofungwa kiwandani milele, na ndani yake mna maji, amonia na hidrojeni. Moto mdogo chini unachemsha maji yenye amonia. Amonia inapanda kama mvuke, inapoa juu kwenye mabapa ya chuma, inageuka maji, kisha inashuka ndani ya chumba cha baridi. Huko inakutana na hidrojeni, inageuka tena mvuke, na katika kugeuka inanyang'anya joto la nyama yako. Halafu inarudi kunywewa na maji, na safari inaanza upya. Hakuna kitu kinachozunguka. Uzito wa maji na joto la moto ndivyo vinavyofanya kazi yote.

Waliotunga chombo hiki walikuwa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Electrolux ilikuwa ikiuza frigo za namna hiyo. Wazee wetu waliziona katika misioni na katika dispansari za mbali, zikiwaka kwa petroli nyeupe. Ni ndugu mmoja na hiyo uliyo nayo katika karavani.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu ukifahamu kwamba ni maji yanayoteremka yenyewe ndani ya bomba, utajua mara moja swali la kwanza la kuuliza. Si "imeharibika nini?" Ni hili: karavani imesimama namna gani?

Tuliitwa siku moja katika kambi ambako frigo ilikuwa imekwisha kuhukumiwa kufa. Karavani ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko wa kichuguu, kwa ajili ya kivuli cha mti, gurudumu moja juu na lingine chini. Sufuria ya mafuta mezani ilikuwa ikituonyesha ukweli: mafuta yote yamekimbilia upande mmoja. Amonia nayo ilikuwa hivyo hivyo. Tukaweka vipande vya mbao chini ya gurudumu, tukaweka nivo ndani ya frigo yenyewe, si sakafuni, mpaka tone lake likakaa katikati. Tukazima kila kitu, tukaacha saa kadhaa, tukawasha tena. Kesho yake asubuhi kulikuwa na barafu. Hatukufungua boloni hata moja. Lakini usidhani daima unapona hivyo. Frigo iliyowashwa kwa muda mrefu ikiwa imeinama huchemka pabaya, dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani yake inageuka chembe ngumu, na chembe hizo zikiziba bomba jembamba hakuna anayeziondoa.

Jambo la pili ni subira. Frigo hii si ya haraka. Inaomba saa 4 au 6 kabla ya kuonyesha baridi, na usiku mzima kabla ya kupakiwa. Timu inayoiwasha saa nne asubuhi, kuijaza bia za moto saa tano, na kuitukana saa sita, imejidanganya yenyewe. Weka kipima joto ndani ya glasi ya maji, katikati ya frigo. Kesho yake kisome: kwa chakula kisipite digri 5. Jaribu pia mpira wa mlango: funga mlango juu ya noti, kisha vuta noti. Ikitoka bila kusitasita, baridi nayo inatoka hapo mchana kutwa.

Haya yote ni sawa, na bado haipozi? Sasa fanya jaribio moja ambalo mafundi wengi wanaliruka. Iendeshe kwa umeme tu, saa 12 kamili. Halafu iendeshe kwa gazi tu, saa 12 nyingine. Ikipoza kwa njia moja na kukataa kwa nyingine, mabomba ni mazima: ugonjwa uko katika moto. Ikikataa kwa njia zote mbili, na huku joto linafika vizuri kwenye chungu chake cha kuchemshia, basi mabomba yamekufa. Jaribio hili linakula siku nzima, kweli. Lakini linakuzuia kununua frigo mpya kwa sababu ya waya mmoja uliokatika.

Tuseme ugonjwa uko upande wa umeme. Chomoa kila kitu kwanza, batri na waya wa 220 volti. Tazama fyuzi. Kisha pima kinu cha joto kwa kipimio cha omu. Hesabu ni ya shule: volti mara volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibao. Kinu cha 220 volti na wati 125 kinapaswa kusoma karibu omu 387. Kile cha 12 volti na wati 120 kinasoma omu 1.2. Kikisoma hakuna kitu kabisa, kimekatika, na kipya kinanunuliwa peke yake. Na hapa nitie neno juu ya batri: wati 120 kwa 12 volti ni ampea 10. Batri ya ampea-saa 100 itakuwa imefika nusu baada ya saa 5. Anayelala na frigo juu ya batri, asubuhi asimlaumu shofere.

Ikiwa ni upande wa gazi, piga magoti utazame moto wenyewe. Uwe wa bluu, uliosimama imara. Ukiwa wa manjano na unacheza, kuna uchafu. Barabara zetu za vumbi jekundu zinajua kazi hiyo, na nyigu pia, ambao hupenda kujenga nyumba zao za udongo katika matundu ya hewa nyuma ya karavani. Fagia masizi katika bomba la moshi, toa vumbi na viota. Jikleri, kile kitundu kidogo kinachotoa gazi, usikichokoe kwa sindano wala waya. Ukikipanua kidogo tu umeharibu kipimo. Kiloweshe katika alkoli, kikauke, basi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa baridi ya Katanga, kumbuka pia kwamba chupa ya butani huwa mvivu: karibu na digri sifuri butani haitaki tena kuwa mvuke.

Sasa nifike mahali ambapo mimi, kama mtu wa usalama, silali usingizi.

Moto huo wa manjano hauharibu nyama tu. Moto unaokosa hewa safi hutoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Katika karavani, moto wa frigo na kitanda chako vinatenganishwa na ubao mwembamba, pengine sentimita 3. Frigo ikiwekwa vizuri, chumba cha moto kinavuta hewa nje na kutoa moshi nje, wala hakina njia ya kuingia ndani. Frigo ikiwekwa ovyo, pembe moja bila kuzibwa, mnalala wanne ndani ya bomba la moshi.

Na ishara zake ni zipi? Kichwa kinauma. Kutapika. Magoti hayana nguvu. Kizunguzungu. Umesikia? Ni maneno yale yale tunayompelekea mwuguzi kila juma, na sote kwa pamoja tunasema: malaria. Mtu anapewa vidonge, anaambiwa apumzike, na anarudi kupumzika ndani ya karavani ile ile! Basi angalia hivi. Je, mmeamka wawili au watatu na kichwa kile kile, asubuhi moja? Je, hakuna homa? Je, kinapungua ukikaa nje hadi mchana, kisha kinarudi baada ya usiku? Usingoje kupima. Watoe watu wote nje, funga chupa ya gazi, na umwambie mwuguzi wazi kwamba mmelala karibu na moto wa gazi. Bila neno hilo hawezi kukisia. Kipimo cha malaria kifanywe vilevile, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kuna alama nyingine za kifo cha frigo. Unga wa manjano au doa la manjano kwenye mabomba ya nyuma. Harufu kali ya amonia inayochoma macho. Hapo mabomba yamepasuka. Zima, fungua milango na madirisha, toka. Ule unga wa manjano ni dawa ya kuzuia kutu, kromati ya sodiamu, ni sumu na huleta kansa. Usiushike kwa mkono mtupu, usiupulize. Mtu asijaribu kulehemu. Ndani mna hidrojeni, nayo huwaka, na mgandamizo wa zaidi ya bar 20, yaani mara kumi ya gurudumu la gari dogo. Usidhani natia chumvi: mwaka 2006 huko Marekani, frigo za karavani zaidi ya 900,000 za kiwanda kimoja ziliitwa zirudi kutengenezwa, kwa sababu bomba la chungu chake liliweza kupata ufa, kumwaga yaliyomo na kuwasha moto.

Basi ni kubadilisha. Kabla ya kuinua chochote, pima mlango wa karavani. Nimeona watu wakitoa frigo kwa jasho, kisha kugundua kwamba haipiti mlangoni, kwa sababu kiwandani iliingizwa kabla ya ukuta. Pengine itapita dirishani. Pima pia shimo lake: upana, urefu, kina, na uandike namba za kibao.

Funga gazi kwenye chupa, si kwenye frigo tu. Ondoa batri na waya wa 220. Kwenye kiungo cha gazi tumia funguo mbili, moja ishike, nyingine izungushe, la sivyo unalipinda bomba la shaba na kuliachia ufa usiouona. Ziba ncha ya bomba. Kubeba ni watu wawili, wenye viatu vya kazi.

Ikiwa shefu wa timu ananiuliza frigo gani inunuliwe, nitasema bila kuzunguka: kama karavani yenu ina mabamba ya jua na batri nzuri, chukueni ya kompresa ya 12 volti. Inavuta ampea 4 au 5 ikifanya kazi, kisha inapumzika, haijali sana mteremko, na haina moto. Kama hamna umeme wa kutosha, rudini kwa ya gazi, lakini kazi ya kuziba isifanywe na mtu mwenye haraka. Pande zote kati ya frigo na ubao zizibwe mpaka mwanga wa tochi kutoka nje usionekane ndani. Viungo vyote vipakwe maji ya sabuni na chupa ikiwa wazi. Povu likivimba, gazi inatoka. Asiwepo mtu wa kujaribu kwa kiberiti. Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kwa hiyo matundu ya chini ya karavani yasizibwe kwa matambara, hata wakati wa baridi. Wekeni pia kengele ya monoksidi karibu na vitanda. Na safarini, shofere azime moto wa frigo kabla ya kuondoka, hasa kabla ya kuingia mahali pa mafuta.

Imebaki ile ya zamani, iliyolala nyuma ya jiko la kambi. Mtu atataka mabomba yake ayauze kama vyuma. Mkatalie, kwa sababu msumeno utafungua amonia usoni pake. Irudi bohari ikiwa na karatasi inayosema imebeba nini. Lakini kama itangoja gari siku tatu, au kama imefika lupangu ambako watoto wanacheza kujificha, kuna kazi ya dakika 10 isiyongoja. Mtoto akiingia na mlango ukajifunga, hewa inamwishia, na kelele zake hazitoki nje. Marekani walitunga sheria mwaka 1956 kwa ajili ya jambo hili moja, ili kila frigo mpya iweze kufunguliwa kutoka ndani, na watoto walikuwa wamekwisha kufa. Chukua bisibisi ile uliyokimbilia asubuhi. Toa mlango, bawaba zote mbili, na uuweke mahali pengine.