Harufu ya Dawa Kwenye Maji

Mtu akifungua bomba asubuhi na pua yake ikakutana na harufu ya dawa, kwanza hukunja uso. "Haya ya leo wameyazidishia," husema, kisha dumu hupelekwa kwenye kisima cha jirani, ambako maji ni meupe, hayana harufu, na mtaa mzima unayaamini. Utafiti wa miaka ya karibuni uko kinyume na mtu huyu. Harufu hiyo ya klorini, ikiwa kidogo, ni dalili kwamba maji bado yana mlinzi. Penye mgawo wa maji, yakikosa kabisa klorini ndipo pa kushtukia.

Wengi wetu tunaamini kwamba maji yakishasafishwa mtamboni yanabaki safi hadi yanapofika mdomoni. Kweli, maji ya mto Ruvu yanayoletwa Dar es Salaam husafishwa: hutiwa dawa ya kugandisha tope, hutuama, huchujwa, halafu hutiwa klorini. Mambo huharibikia njiani. Bomba lililojaa maji saa zote lina msukumo wa kutoka ndani kwenda nje. Likitoboka, maji huvuja, mamlaka inapata hasara, lakini uchafu hauingii. Mgawo ukifika na maji yakakatwa, msukumo hushuka, na pengine bomba lenyewe huanza kuvuta vya nje, kama mtu anavyofyonza dafu kwa mrija. Huvuta chochote kilicho jirani na tundu. Kwenye mitaa yetu jirani huyo ni mtaro, au udongo ulioloa maji ya choo ambacho mwenyewe amekitapisha mvua za masika zilipokolea.

Jambo hili lilipimwa vizuri Hubli-Dharwad, mji pacha wa jimbo la Karnataka, India. Baadhi ya kata zake ziliwekewa maji ya saa 24, nyingine zikabaki na maji ya kuja na kuondoka, na maji yote yalikuwa yakisafishwa kwa namna ileile. Wanasayansi Emily Kumpel na Kara Nelson walichota sampuli mabombani pande zote mbili wakitafuta E. koli, bakteria wa utumbo ambaye akionekana kwenye maji basi kinyesi kimepita hapo. Matokeo yao ya mwaka 2013 hayahitaji mtaalamu wa kuyafafanua: kwenye kata za saa 24, sampuli zenye bakteria huyo hazikufika hata moja kati ya 100, kwenye kata za mgawo zilikuwa karibu 32 kati ya 100. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba mgawo unatunyima maji, tunataja nusu tu ya hasara.

Mgawo pia hulazimisha watu kuhifadhi, na hapo uchafu hupata njia ya pili. Pipa linajazwa usiku wa manane, linakaa siku mbili tatu, na kila mwenye kiu anachovya kopo, vidole vikiwa ndani. Amy Pickering na wenzake walifanya utafiti Tanzania, katika familia zisizo na bomba la nyumbani, wakapima bakteria mikononi mwa akina mama na kwenye maji ya kunywa yaliyohifadhiwa. Vipimo hivyo viwili vilikwenda pamoja: penye mikono iliyochafuka zaidi, na maji ya ndani yalichafuka zaidi. Ripoti yao ya mwaka 2010 ina jambo jingine ambalo naona halikusemwa vya kutosha. Mikono ya waliosema hawapati maji ya kutosha kwa usafi ilikuwa na bakteria wengi zaidi. Mwenye dumu moja la lita 20 kwa kupikia, kunywa na kuogesha mtoto hawezi kunawa kila anapofagia au kumbadilisha mtoto nepi. Tunambandikia bango la "Nawa Mikono" ukutani wakati bomba lake limekauka tangu juzi.

Basi si achemshe? Kuchemsha huua vijidudu vizuri kuliko njia nyingi, ila moto ukizimwa na maji yakapoa, kinga imekwisha. Kopo la kwanza lenye mkono mchafu linarudisha yaleyale, na mkaa umeshaliwa. Klorini hufanya kazi kwa namna nyingine. Ikiingia majini hutengeneza asidi ya hipoklorasi, ambayo hupenya ganda la bakteria na kuvuruga vimeng'enya vinavyomweka hai. Huhitaji kama nusu saa. Baada ya kumaliza kazi hiyo, ile iliyobaki huendelea kukaa majini ikisubiri mgeni mwingine, awe ameingia kwa tundu la bomba au kwa kidole. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba pale mtu anapochota, kila lita iwe bado na angalau miligramu 0.2 ya klorini hii iliyobaki, na ipandishwe kufikia 0.5 kunapokuwa na mlipuko wa kipindupindu, kama ule ulioanzia Kinondoni Agosti 2015 ukatapakaa karibu mikoa yote ya Tanzania Bara.

Swali gumu ni nani aitie. Kwa miaka mingi jibu limekuwa: mama mwenye nyumba. Amepewa chupa, vidonge na semina. Majaribio ya awali yalileta matokeo ya kufurahisha, lakini washiriki walijua wamepewa dawa, na mtu aliyepewa kitu bure husita kumwambia mgeni kwamba mtoto bado anaharisha. Majaribio ambayo familia hazikujua zimepewa kipi yalituliza shangwe. Katika jaribio kubwa la Odisha, India, lililochapishwa mwaka 2013, waliopewa vidonge vya klorini hawakutofautiana na waliopewa vidonge bandia, na maji mengi ya hao waliopewa dawa halisi yalipopimwa hayakuwa na klorini. Dawa ilikuwapo nyumbani, ila mtu wa kukumbuka kuitia kila siku, mwezi hadi mwezi, ndiye aliyekosekana. Mimi simlaumu.

Ndiyo maana jaribio lililofanywa Bangladesh, Dhaka na eneo jirani la Tongi, lilinivutia. Pickering huyo huyo na wenzake waliiacha familia bila kazi yoyote ya ziada. Walifunga kifaa kwenye mabomba ya pamoja, mahali ambapo nyumba kadhaa huchota, kifaa kisichohitaji umeme: maji yakipita, yanaondoka na klorini kiasi kidogo. Vituo vilikuwa 100. Kwenye baadhi yake kifaa kiliwekwa vitamini C badala ya klorini, ili mchotaji asijue yuko kundi gani, wala aliyekuja kuuliza habari za watoto asijue. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, kuharisha kwa watoto, kwa maelezo ya walezi wao, kulipungua kwa asilimia 23 kwa waliopata klorini. Ndoo zilikuwa zilezile na mikono ileile. Mgawo nao haukwisha.

Klorini haiwezi kila kitu. Haitoi chumvi wala naitreti, na visima vingi vya Dar vina vyote viwili. Kijidudu cha kriptosporidiamu kinaihimili. Maji ya tope huila yote kabla haijagusa bakteria, hivyo kuitia kwenye maji machafu ya kahawia ni kupoteza dawa. Na hofu ya kutiliwa kemikali si ya Waswahili peke yao. Mwaka 1908 Daktari John Leal alipoanza kutia klorini kwenye maji ya Jersey City, Marekani, alifanya hivyo bila kuomba ruhusa, na suala lilifikishwa mahakamani. Mahakama iliridhika kwamba maji yale ni salama, na miji mingine ikafuata.

Kupima klorini iliyobaki ni kazi rahisi: maji kidogo kwenye kichupa, kidonge kimoja, na maji yakigeuka rangi ya waridi, unalinganisha wekundu wake na kadi. Huchukua dakika chache, na mafundi wanaotunza mabwawa ya kuogelea hotelini hufanya hivyo kila siku. Basi kwenye mkutano ujao wa mtaa, mwombeni mwenyekiti aite watu wa maji waje kupima mbele yenu, si karibu na tangi kuu bali kwenye kioski cha mwisho wa laini, na siku maji yanaporudi baada ya mgawo. Ikisomeka chini ya 0.2, daini kifaa cha kutia klorini kifungwe pale pale kwenye kioski, na atakayekitunza atajwe kabla mkutano haujafungwa.