Mhadhiri naye mizanini: Maoni ya wanafunzi hupima nini hasa?

MUHULA unapokaribia kwisha katika chuo kikuu, mizani hugeuka. Mhadhiri ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiwapima wanafunzi wake sasa hupimwa nao. Wanafunzi hugawiwa fomu, au huelekezwa kwenye kompyuta, na kutakiwa kueleza kwa nambari, mara nyingi kuanzia 1 hadi 5, iwapo mhadhiri alifika kwa wakati, iwapo alieleweka na iwapo aliwajali. Chini kabisa huachwa nafasi ndogo ya maoni.

Nafasi hiyo ndogo ndiyo huwa na cheche. Tuseme aliye mizanini ni profesa wa kike anayefunza mawasiliano. Kuna mwanafunzi atakayeandika kwamba profesa huyo ni mchangamfu, na kwamba alimwondolea hofu ya kusimama mbele ya watu. Mwenzake aliyeketi kando yake muhula mzima ataandika kuwa ni mkali kupindukia, hatoi maksi, na humkosoa mtu hadharani. Wa tatu ataandika kuhusu sauti yake au mavazi yake. Wote watatu walihudhuria mihadhara ile ile.

Je, mkuu wa idara anayezisoma fomu hizo amwamini nani? Swali hili si la mzaha. Katika vyuo vingi duniani alama hizo huingia katika faili ya mhadhiri na hutazamwa anapoomba kupandishwa cheo. Kwa mhadhiri wa muda, ambaye mkataba wake hutolewa muhula baada ya muhula, zinaweza kuamua iwapo atarejea darasani au atatafuta riziki kwingine.

Desturi yenyewe si ngeni. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Herman Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue alibuni fomu ya kuwatathmini wahadhiri katika miaka ya 1920. Tangu wakati huo fomu za aina hiyo zimeenea hadi Afrika Mashariki, ambako katika baadhi ya vyuo mwanafunzi hawezi kuona matokeo yake ya mtihani kabla ya kuijaza. Anayeijaza kwa pupa ili aone maksi zake, bila shaka, hujaza chochote.

Somo la mawasiliano lina upekee wake katika suala hili. Waalimu wa kuhutubu nchini Marekani walijitenga na wenzao wa lugha ya Kiingereza na kuunda chama chao mnamo 1914, wakishikilia kwamba kunena mbele ya umma ni taaluma inayojitegemea. Hadi leo, kozi ya kuhutubu hufundishwa kwa maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini humo. Humu nchini pia, kozi ya stadi za mawasiliano ni miongoni mwa zile ambazo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hulazimika kuzisoma, awe ni mhandisi mtarajiwa au mwalimu mtarajiwa. Wengi huingia darasani si kwa kupenda, bali kwa sababu ratiba imewaelekeza huko.

Isitoshe, wengi huingia wakitetemeka. James McCroskey, aliyekuwa profesa wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha West Virginia, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza hofu ya kuzungumza. Hojaji aliyoitunga ina kauli 24, na alama zake huanzia 24 kwa mtu asiyejua woga hadi 120 kwa yule ambaye hata kuuliza swali kikaoni humtoa jasho. Kwa makadirio yake, takriban mtu mmoja kati ya watano ana hofu ya kiwango cha juu.

Mwanafunzi wa hisabati akikosea, kosa lake hubaki karatasini, kati yake na msahihishaji. Mwanafunzi wa kuhutubu akikosea, darasa zima humwona. Kinachosahihishwa ni sauti yake, macho yake, mikono yake na namna anavyosimama, yaani yeye mwenyewe. Si ajabu basi kwamba maoni kuhusu profesa wa somo hilo huwa ya moto au ya baridi, nadra kuwa ya vuguvugu. Aliyeishinda hofu yake humsifu kama mkombozi. Aliyeshindwa humtaja kama aliyemwaibisha.

Profesa huyo ana mzigo mwingine ambao wenzake wa kemia hawana. Yeye hufunza kunena, na kila anenapo anapimwa kwa kipimo kile kile anachokifunza.

Wataalamu wa mawasiliano wenyewe ndio walioanza kulitilia shaka jambo hili. Mnamo 1979 mtafiti Janis Andersen alichapisha utafiti kuhusu kile wanachokiita ukaribu wa mwalimu, yaani kuwatazama wanafunzi machoni, kutabasamu, kutumia ishara za mikono na kutembea miongoni mwao badala ya kujificha nyuma ya meza. Aligundua kwamba mwalimu mwenye ukaribu hupendwa, somo lake hupendwa pia, na wanafunzi huwa tayari kusoma kozi nyingine ya aina hiyo. Hata hivyo, alipoangalia matokeo ya mtihani, ukaribu huo haukuonyesha kuwa umewaongezea wanafunzi maarifa. Kupenda lilikuwa jambo moja, na kujua lilikuwa jambo jingine.

Miaka michache kabla ya hapo, kundi la watafiti wa kitivo cha utabibu katika Chuo Kikuu cha Southern California lilikuwa limefanya jaribio ambalo hadi leo huwakera wahadhiri na kuwachekesha kwa pamoja. Walimchukua mwigizaji, Michael Fox, wakampa jina la Dkt Myron Fox na wasifu wa kuvutia, kisha wakamfundisha kutoa hotuba kuhusu matumizi ya hisabati katika elimu ya madaktari. Hotuba yenyewe ilikuwa imejaa maneno ya kubuni, kauli zinazopingana na hoja zisizofika popote. Ilitolewa kwa ucheshi na kwa kujiamini.

Waliomsikiliza, ana kwa ana na baadaye kupitia video, walikuwa 55, miongoni mwao madaktari wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia na maafisa wa huduma za jamii. Wengi wao walijaza fomu wakisema kuwa hotuba ilieleweka na iliwachochea kufikiri. Ripoti ya jaribio hilo ilichapishwa mnamo 1973. Ikiwa wasomi wazima walighilibiwa na maneno matamu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasalimika vipi?

Hata maneno yenyewe huenda yasihitajike. Mnamo 1993 watafiti Nalini Ambady na Robert Rosenthal waliwaonyesha watu wasiowajua wahadhiri fulani vipande vya video visivyo na sauti, jumla yake sekunde 30 kwa kila mhadhiri. Alama walizotoa watazamaji hao zilikaribiana mno na zile zilizotolewa na wanafunzi waliokaa na wahadhiri hao kwa muhula mzima. Kuna wanaolichukulia hili kuwa ushahidi kwamba binadamu hutambua ubora upesi. Lakini pia linaashiria kuwa fomu ya mwisho wa muhula huenda hurudia tu yale ambayo mwanafunzi aliyaamua siku ya kwanza, mhadhiri alipofungua mlango.

Utafiti unaotia wasiwasi zaidi ulifanywa katika chuo cha kijeshi cha wanahewa wa Marekani, kilichoko jimbo la Colorado. Huko wanafunzi hawachagui mhadhiri, bali hupangiwa bila kufuata matakwa yao, na hufanya mtihani mmoja kwa kozi moja. Hali hiyo iliwawezesha wanauchumi Scott Carrell na James West kulinganisha haki kwa haki. Ripoti yao ya 2010 ilibainisha kwamba wahadhiri waliowapa wanafunzi matokeo mazuri katika kozi ya kwanza ya hisabati walipata alama za juu kutoka kwa wanafunzi hao. Lakini wanafunzi hao hao walifanya vibaya katika kozi za juu zilizofuata. Wale waliofunzwa na wahadhiri wazoefu, wasiosifiwa sana, ndio waliokuwa na msingi imara.

Jambo linalofanana na hilo lilijitokeza katika Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wa somo la fizikia uliochapishwa mnamo 2019. Wanafunzi waliolazimishwa kushiriki, kujadiliana na kutatua maswali wenyewe walidhani wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara laini wa msemaji hodari. Mtihani ulionyesha kinyume. Kujifunza kwa kweli huchosha, na uchovu huo mwanafunzi huutafsiri kama udhaifu wa mwalimu. Profesa wa mawasiliano anayemtaka kila mmoja asimame na kuhutubu, badala ya kukaa na kunakili, yumo katika hatari iyo hiyo.

Kisha kuna suala la jinsia, ambalo kwa profesa wa kike haliwezi kuepukwa. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mtafiti Lillian MacNell na wenzake walitumia kozi iliyofunzwa kupitia intaneti pekee, ambapo wanafunzi hawakuwaona wala kuwasikia waliowafunza. Wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifunza kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Kazi za wanafunzi zilirejeshwa kwa wakati mmoja kwa makundi yote. Walipoulizwa kuhusu wepesi wa kurejesha kazi, wanafunzi walimpa aliyeaminika kuwa mwanamume wastani wa alama 4.35 kati ya 5, na aliyeaminika kuwa mwanamke 3.55.

Ni kweli kwamba wanafunzi waliohusika walikuwa 43 tu, idadi ndogo ambayo haiwezi kubeba hukumu nzito peke yake. Lakini tafiti nyingine zimeonyesha mwelekeo uo huo. Mnamo 2018, Kristina Mitchell na Jonathan Martin walichapisha uchambuzi wa maoni ya wanafunzi nchini Marekani na kueleza kuwa wahadhiri wa kike huzungumziwa zaidi kuhusu sura na tabia zao, na kwamba aghalabu huitwa mwalimu pale ambapo mwanamume huitwa profesa. Mwanamke akiwa mpole huambiwa hana msimamo, na akishika msimamo huambiwa hana utu. Hilo nalo huwekewa nambari na kuingizwa katika wastani.

Mgala muue na haki yake umpe. Haya yote hayamaanishi kwamba sauti ya mwanafunzi ni upuzi. Kuna mambo ambayo hakuna shahidi aliye bora kumliko. Yeye ndiye ajuaye kama mhadhiri alifika darasani au alionekana mara tatu kwa muhula. Yeye ndiye ajuaye kama sauti ilisikika katika ukumbi wa watu mia nne, kama kazi zilirejeshwa na maelezo au zilirejeshwa tupu, na kama kuna aliyedhalilishwa. Katika vyuo vya humu nchini, ambako kilio cha maksi zilizopotea kimesikika miaka nenda miaka rudi, kumnyima mwanafunzi fomu kungekuwa kumnyamazisha anayeumia.

Tatizo huanza pale shahidi anapogeuzwa kuwa hakimu. Kueleza kama mhadhiri alichelewa ni ushahidi. Kuamua kama mhadhiri huyo anaijua taaluma yake, au kama kozi aliyoitunga itamfaa mwanafunzi miaka mitano baadaye, ni jambo ambalo mwanafunzi bado hana kipimo chake. Mnamo 2017 watafiti wakiongozwa na Bob Uttl wa Canada walipounganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia, hawakupata uhusiano wa maana kati ya alama za wahadhiri na kiasi ambacho wanafunzi walijifunza.

Canada hiyo hiyo ndiko suala hili lilikofika mbele ya mpatanishi. Wahadhiri wa kilichokuwa Chuo Kikuu cha Ryerson, jijini Toronto, walipinga kupandishwa vyeo kwa kutegemea wastani wa fomu. Mnamo 2018 mpatanishi William Kaplan aliamua kwamba alama hizo zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika maamuzi ya vyeo. Mwaka uo huo, Chuo Kikuu cha Southern California, alikotoka Dkt Fox wa bandia, kilitangaza kuwa hakitazitegemea tena kwa kazi hiyo. Fomu zenyewe hazikutupwa. Kilichobadilika ni uzito wake, huku tathmini ya wahadhiri wenzao ikipewa nafasi zaidi.

Wengine wamechagua njia isiyo na gharama kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, watafiti waliongeza aya fupi juu ya fomu za baadhi ya wanafunzi, wakiwatahadharisha kwamba alama za wahadhiri mara nyingi huathiriwa na upendeleo ambao mtoaji mwenyewe hautambui, na kuwasihi watazame mafunzo badala ya sura. Kwa mujibu wa ripoti yao ya 2019, wahadhiri wa kike waliotathminiwa kwa fomu hizo walipata alama za juu kuliko wenzao wa kike waliotathminiwa kwa fomu za kawaida. Alama za wanaume hazikubadilika.