Sykes: Jina Lililotoka Mtaroni

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bryan Sykes, profesa wa jenetiki katika Chuo Kikuu cha Oxford, alialikwa kutoa mhadhara kwa watafiti wa kampuni ya dawa ya Glaxo Wellcome. Mwenyekiti wa kampuni hiyo naye alikuwa Sykes: Sir Richard Sykes. Wawili hao hawakujua kama wana undugu wowote. Kwa kuwa kazi ya Bryan ilikuwa kusoma DNA, alimwomba mwenyekiti sampuli ya chembe za ndani ya shavu, akailinganisha na yake. Kromosomu Y zao zililingana.

Sampuli mbili ni chache mno, huenda zimefanana kwa bahati tu. Basi Bryan akawaandikia barua wanaume 250 wenye jina hilo, waliochaguliwa bila upendeleo katika maeneo ya West Yorkshire, Lancashire na Cheshire, akiwaomba watume sampuli. Waliopimwa mwishowe ni 48. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000, akishirikiana na Catherine Irven, yalionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, aina ambayo haikuonekana kwa majirani zao wenye majina mengine wala katika sampuli za Waingereza wa sehemu nyingine.

Kipimo hiki kinategemea desturi moja ya Kiingereza na tabia moja ya maumbile. Desturi ni kwamba mtoto hurithi jina la ukoo la baba. Tabia ya maumbile ni kwamba kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, kizazi baada ya kizazi, na sehemu yake kubwa haichanganyiki na chochote cha mama. Jina na kromosomu vinasafiri njia moja. Katika kromosomu hiyo kuna vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia mara kadhaa mfululizo, na idadi ya marudio hubadilika kwa nadra. Mtafiti anahesabu marudio hayo katika sehemu kadhaa; wanaume wenye hesabu zinazolingana wana uwezekano mkubwa wa kuwa na babu mmoja wa upande wa baba. Bryan alihesabu katika sehemu nne tu. Vipimo vya siku hizi hutumia sehemu nyingi zaidi, na hutenganisha koo kwa makini zaidi.

Matokeo hayo yaliwashangaza wataalamu wa majina, kwani hawakutarajia akina Sykes wawe ukoo mmoja. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kijito au mtaro wa maji, hasa ule unaopita kwenye ardhi ya majimaji na mara nyingi kuwa mpaka kati ya shamba na shamba. Kaskazini mwa Uingereza neno hilo lingali hai. Yorkshire ni nchi ya vilima na mvua, na mitaro ya namna hiyo haina idadi. Aliyekaa kando ya mtaro huu aliitwa wa mtaroni, na wa bonde la pili vivyo hivyo. Ilielekea basi kwamba jina lilizaliwa mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiojuana.

Majina ya ukoo hayakuwapo Uingereza tangu zamani. Kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina lake moja. Baada ya hapo mabwana wa Kinormani walianza kujitambulisha kwa majina ya mashamba yao, na katika karne zilizofuata desturi ikashuka hadi kwa wakulima na mafundi. Makarani wa kodi na mahakama walihitaji akina John wengi watofautishwe: huyu wa mtaroni, yule mhunzi, mwingine mwana wa Robert. Orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1377, 1379 na 1381 zinaonyesha majina hayo yakiwa yameanza kutulia na kurithiwa. Mwaka 1538 makanisa yaliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na toka hapo ikawa vigumu zaidi jina kupotea kimyakimya.

Lakini koo zinapotea hata jina likiandikwa vizuri. Mwanasayansi Francis Galton aliliona hilo katika karne ya 19, pale majina ya watu mashuhuri yalipokuwa yakififia, akatafuta msaada wa kihesabu. Mwaka 1874 yeye na mchungaji Henry William Watson walichapisha kazi iliyochunguza jinsi jina la ukoo linavyoweza kutoweka kwa bahati peke yake. Baba mmoja anapata wana wanne, mwingine anapata mabinti watupu, wa tatu anafiwa na wanawe wote kwa tauni. Katika vizazi vichache vya mwanzo, wakati wenye jina bado ni wachache, koo nyingi huangukia upande wa kutoweka. Ndiyo sababu huenda kulikuwa na akina Sykes wa mitaro mingi katika karne ya 13, na bado waliobaki leo wakawa kwa sehemu kubwa wazao wa mmoja wao.

Ile nusu nyingine je? Kromosomu Y zao zilikuwa mchanganyiko, kama za majirani zao. Watafiti walikadiria kwamba hali hiyo ingeweza kuelezwa na wastani wa asilimia 1.3 tu ya watoto katika kila kizazi kupata jina bila kupata kromosomu, kwa muda wa miaka 700. Sababu ni nyingi: mtoto wa nje ya ndoa, mtoto wa kulea, mwanamume aliyechukua jina la mkewe ili arithi mali. Kiwango hicho ni kidogo, ila kwa karne saba hulimbikizana.

Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walipanua uchunguzi hadi wanaume 1,678 wenye majina 40. Kanuni ikajitokeza wazi. Kadiri jina lilivyo nadra, ndivyo wenye jina hilo wanavyoelekea kuwa ndugu. Walio wengi mno wa jina Attenborough walikuwa na kromosomu Y ya aina moja. Kwa upande mwingine, akina Smith, jina la wahunzi na ndilo lenye watu wengi kuliko yote Uingereza, hawakufanana zaidi ya wapita njia, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake.

Jina Sykes lilitoka Yorkshire likaenda mbali. Mark Sykes wa Sledmere aliingia katika historia kwa mapatano ya siri ya 1916 ya kugawana nchi za Kiarabu zilizokuwa chini ya Waturuki. Kanali William Henry Sykes, aliyezaliwa karibu na Bradford mwaka 1790, alikuwa mwanajeshi wa Kampuni ya Mashariki ya India na mpenzi wa wanyama. Kima wa Unguja na mwambao, ambaye Kanali alimwelezea kisayansi mwaka 1831, bado anaitwa kwa Kiingereza kima wa Sykes.

Dar es Salaam nayo ina akina Sykes, lakini hawa ni ukoo mwingine kabisa. Babu yao alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Wajerumani wakati wa kamanda wao Hermann von Wissmann, aliyekuja kupambana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Mwana wa babu huyo, Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Wajukuu Abdulwahid na Ally walikuwa katika kundi lililounda chama cha TANU mwaka 1954. Kwao jina la ukoo ni jina la baba lililogandishwa, kama ilivyo desturi ya Waswahili kumtaja mtu kwa jina lake na la baba yake. Mwasisi wa akina Sykes wa Yorkshire anatambulika kwa hesabu za marudio katika kromosomu. Wa Dar es Salaam anajulikana kwa jina lake kamili: Sykes Mbuwane.